Kahawa na enaji zinanisaidia kusoma au zinanidanganya? Nimekuwa mkali mpaka najiogopa

BintiMizania

Habari zenu wakuu, poleni na hili joto. Naombeni mawazo maana hapa nilipo sijielewi.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla Kariakoo, mchana niko na vitabu vya bosi, usiku niko na vitabu vyangu, najiandaa na mtihani wa uhasibu wa CPA wa Novemba. Nakaa Tabata, natoka kazini saa kumi na mbili, hapo foleni, hapo kugombania daladala, mpaka nioge nile tayari saa tatu, ndo naanza kusoma mpaka saa saba au nane usiku, na saa kumi na moja alfajiri niko juu tena. Kinachonibeba ni kafeini, sifichi. Asubuhi vikombe vitatu kwa mzee mmoja anayekaa na birika lake pale kona, saa nne natengeneza kahawa ya unga ofisini, mchana chai ya rangi, halafu jioni nikishuka kituoni nabeba enaji chupa moja. Siku hizi mbili.

Sasa juzi Jumanne daftari la mauzo likagoma kubalansi, tofauti 90,000. Mtu yeyote aliyekaa darasa la uhasibu anajua tofauti ikigawanyika kwa 9 kitu cha kwanza unatafuta namba zilizogeuzwa, hiyo tunafundishwa mwanzo kabisa. Mimi wala haikunijia. Nafungua kurasa kama naendesha cherehani, kidole kinatetemeka juu ya kikokotoo mpaka nabonyeza namba mbili kwa pamoja, nimepitia risiti moja moja masaa mawili na kila nikirudia nina uhakika niko sahihi. Katikati ya hayo nikamgeukia kijana wa stoo nikamwambia mbele ya wateja aseme hela kapeleka wapi. Kumbe risiti ya 540,000 nimeiandika 450,000, kwa mkono wangu huu huu. Nimemuomba msamaha, ameitikia "haina shida dada" ila mnaijua ile haina shida.

Kingine, Jumapili huwa sinywi kabisa kwa sababu natoka kanisani napitiliza kwa shangazi Kigamboni, na kila Jumapili ikifika mchana kichwa kinaanza kugonga, usingizi, sitaki kusemeshwa. Nikimeza Panadol Extra kinaachia ndani ya nusu saa hivi. Shangazi anasema ni jua la kwenye pantoni.

Swali langu, hii kafeini inasaidia akili kweli au ndo inayonivuruga? Na nikiacha CPA nitaisomaje? Wenye uzoefu karibuni, wa matusi pia karibuni ila msinitukane sana.

---

KashataMoja

Tatizo lako dada hujataja kashata hata sehemu moja. Kahawa chungu tupu tumboni saa kumi na mbili asubuhi, vikombe vitatu, unategemea nini? Sisi kijiweni Magomeni kahawa inaenda na kashata na maneno, mtu anakunywa kikombe kile kidogo nusu saa nzima huku anamkosoa kocha wa Simba. Wewe unakunywa umesimama kama unachanjwa.

Ila kwenye kumsingizia mtu wizi hapo pole, na yeye pole zaidi.

---

Mfamasia_Uswazi

Dada BintiMizania, niko duka la dawa huku Mbagala na nakutana na wa aina yako kila wiki, wengi wanakuja kununua dawa ya kichwa au wanataka nipime presha. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Ubongo ukiwa macho unatengeneza kitu kinaitwa adenosini, kadri unavyokaa macho ndo inavyozidi kujaa, na kazi yake ni kukwambia umechoka nenda kalale. Ili ikwambie hivyo lazima ipate sehemu ya kukaa kwenye seli za ubongo, tuseme siti. Kafeini umbo lake linafanana na adenosini, kwa hiyo inawahi zile siti inakaa. Haitoi taarifa yoyote ya uchovu, imekaa tu, na adenosini inabaki imesimama kituoni. Wewe unajiona mzima. Lakini abiria hawajaondoka! Wanazidi kujaa pale kituo cha daladala Rangi Tatu, na kafeini ikishuka wote wanapanda kwa mpigo, wengine dirishani. Ule uchovu wa ghafla unaokuangusha saa tisa mchana ndo huo.

Kwa hiyo kafeini haikuongezei nguvu hata tone, inakuficha uchovu. Sisemi kwamba haisaidii, inasaidia, ila angalia inasaidia wapi. Kukaa macho, kuitikia kitu haraka, kazi ya kujirudia rudia isiyotaka kufikiri sana, hapo inafanya kazi na imepimwa mara nyingi, hasa kwa mtu aliyekosa usingizi. Kuelewa kitu kigumu, kupima mambo mawili uamue, kukumbuka ile kanuni ya 9, hapo haina msaada mkubwa. Ndo maana ulikuwa unafungua kurasa kwa spidi ya cherehani halafu kosa unalipita kila raundi. Spidi ilikuwepo, akili iliyochoka ilikuwa ile ile.

Sasa kwenye hasira. Kafeini ikizidi inaupandisha mwili kwenye hali ya hatari, adrenalini inaongezeka, moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho. Hizo ndo dalili zile zile za mtu aliyeogopa au aliyekasirika, na mwili ukishakuwa hivyo kichwa kinatafuta sababu, kinamkuta kijana wa stoo amesimama hapo. Kiasi kidogo kinachangamsha, mtu anakuwa na mudi na maneno mengi (angalia kijiwe cha KashataMoja), kiasi kikubwa kinaleta wasiwasi, na mwenye asili ya wasiwasi kinamleta haraka zaidi.

Kiasi gani ni kikubwa? Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya miligramu 400 kwa siku hazina tatizo, na kwa mkupuo mmoja zisizidi 200. Kopo la enaji la mililita 250 mengi yana kama 80, kikombe cha kahawa ya unga karibu 60, chai ya rangi kama 40 hivi inategemea umeiacha majani muda gani. Ya mzee wa birika hakuna anayeijua, imesagwa laini, inachemka juu ya mkaa tangu alfajiri na kila mzee ana mkono wake. Hizo chupa zako soma lebo nyuma, ni kubwa kuliko kopo.

---

BintiMizania

Mfamasia asante sana, hiyo ya Rangi Tatu imenikaa. Nimesoma lebo sasa hivi, kwa chupa mbili tu niko juu ya 200, na hapo ni saa mbili usiku. Na kichwa cha Jumapili je?

---

Mfamasia_Uswazi

Nilikuwa nakuja hapo, mteja alinikatisha.

Ukinywa kila siku mwili unaona siti zimekaliwa muda wote, unaongeza siti nyingine. Siku hujanywa, siti ni nyingi kuliko kawaida na zote zinakaliwa na adenosini, unakuwa mzito kuliko mtu ambaye hajawahi kunywa kahawa maishani. Na kafeini huwa inabana mishipa ya damu ya kichwani, ikikosekana inatanuka, kichwa kinagonga. Kwa kawaida inaanza masaa 12 mpaka 24 tangu unywe mara ya mwisho. Hebu hesabu wewe mhasibu, enaji ya mwisho Jumamosi saa mbili usiku, Jumapili mchana saa sita ni masaa 16. Pantoni haihusiki, mpe shangazi pole.

Na sasa cheka kidogo: Panadol Extra kila kidonge kina parasetamo 500 na kafeini 65. Ukimeza viwili umejipa 130, karibu sawa na vikombe viwili vya kahawa ya unga. Yaani kichwa kinauma kwa kukosa kafeini, unakwenda kuinunua duka la dawa. Sisemi dawa ni mbaya, ni nzuri, kafeini imewekwa mle makusudi kwa sababu inaipa parasetamo nguvu. Ila kwako wewe imekuficha ugonjwa miezi yote.

---

BintiMizania

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka yule kijana wa stoo kaniangalia. Yaani nilikuwa nazikimbia siku moja kwa wiki na bado nazimeza.

---

LoriNaBarabara

Mimi sio msomi ila hili la kuficha uchovu naomba nilithibitishe. Naendesha lori Dar Tunduma mwaka wa kumi na moja sasa. Kuna safari nilipiga enaji Chalinze, nikapiga nyingine Morogoro, nimelala masaa matatu tu usiku uliopita kwa sababu ya kusubiri mzigo bandarini, nikaingia mbuga ya Mikumi saa tisa usiku nikiwa najiona simba. Macho yako wazi kabisa, mikono inacheza kwenye usukani. Ghafla naona twiga kasimama katikati ya barabara, nakanyaga breki zote, utingo wangu anaamka anapiga kelele "nini nini", nikamwambia twiga, akasema twiga gani. Hakukuwa na twiga. Nilikuwa nimelala sekunde mbili tatu macho yakiwa wazi na nimeota kabisa. Na lori lilikuwa limeshavuka mstari, tairi za kulia ziko upande wa wanaokuja.

Toka siku ile enaji siikatai ila haijawahi kuwa mbadala wa kulala. Ninachofanya siku hizi nikizidiwa natafuta sehemu salama napaki, nakunywa kahawa kikombe kimoja haraka haraka, halafu HAPO HAPO nalala, alamu dakika ishirini. Wenzangu wananicheka eti unakunywa kahawa ulale? Lakini jaribu, unaamka kama umeoga. Ila hiyo ni ya kukufikisha sehemu ya kulala, haikufikishi Tunduma.

---

Mfamasia_Uswazi

@LoriNaBarabara hiyo sio ushamba kabisa. Chuo cha Loughborough kule Uingereza miaka ya 1990 walilijaribu hilo kwa madereva wenye usingizi kwenye mashine ya kuigiza gari, na kahawa pamoja na kulala kidogo ndo ilifanya vizuri. Kafeini inachukua kama nusu saa mpaka ianze kukolea, kwa hiyo wakati inasafiri wewe unalala, usingizi unapunguza adenosini, ukiamka kafeini inakuta siti nyingi wazi.

---

MjukuuWaKagera

Jamani mnamtisha dada wa watu. Babu yangu yuko kule Muleba, ametafuna kahawa tangu kijana, zile za kuchemshwa na majani na kukaushwa, mgeni akifika kabla ya maji anapewa kahawa za kutafuna, na babu mkono hautetemeki anapiga jembe mpaka leo na saa mbili usiku amelala kama mtoto. Tatizo sio kahawa, tatizo ni hizo enaji za rangi rangi. Kahawa ni chakula.

---

Mfamasia_Uswazi

Babu apewe heshima yake, ila mwambie na haya. Kwanza kafeini ya kwenye enaji na ya kwenye kahawa ni ile ile, hakuna ya kizungu na ya kwetu. Enaji shida yake ni sukari na kwamba inanyweka kama soda, baridi, dakika mbili imekwisha, wakati kahawa ya moto inakulazimisha taratibu. Pili watu tunatofautiana kwenye ini, ndilo linalosafisha kafeini. Kwa wengi baada ya masaa matano hivi nusu yake inakuwa bado iko kwenye damu, kuna wanaoimaliza haraka na kuna wanaobaki nayo usiku kucha. Mvuta sigara anaisafisha haraka zaidi, akina dada wa vidonge vya uzazi wa mpango inachukua karibu mara mbili. Tatu, babu analala saa mbili usiku! Mpe babu ratiba ya huyu dada ya saa nane usiku halafu tuongee.

---

MamaPachaTz

Niongezee kwa wajawazito maana humu tuko wengi tunasoma kimya kimya. Nilipokuwa na mimba kikombe kimoja cha asubuhi kilikuwa kinanikesha, nilidhani ni mawazo ya uzazi. Nesi kliniki akaniambia mimba inafanya kafeini ikae mwilini muda mrefu sana, na kwa wajawazito wanasema isizidi 200 kwa siku, nusu ya watu wengine. Na chai msinywe pamoja na chakula wala vile vidonge vya kuongeza damu, inazuia madini ya chuma. Hili la chai na ugali wa mchana tumelizoea mno.

BintiMizania mdogo wangu, na wewe ule.

---

PepetaPumba

Mimi nina swali moja tu kwa mfamasia. Kama mwili unaongeza siti, basi mtu anayekunywa kila siku akinywa asubuhi anapata nini? Si anarudi tu pale alipokuwa kabla hajaanza kunywa kahawa?

---

Mfamasia_Uswazi

Umegusa penyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walichukua watu 379, wanywaji na wasiokunywa, wakawanyima kafeini usiku kucha, kisha wengine wakapewa kafeini na wengine kidonge cha uongo. Wanywaji wazuri walionyimwa wakawa wazito na vichwa vinauma. Walionywa wakachangamka, lakini hawakuwazidi wale wasiokunywa ambao walipewa kidonge cha uongo. Yaani kikombe cha asubuhi kwa mnywaji wa kila siku kwa sehemu kubwa ni kulipa deni la jana.

Kuna wanaobishia kwamba sio chote ni deni, na kwa mtu aliyekosa usingizi msaada upo hata kama amezoea. Sawa. Lakini dada yetu usingizi anaukosa kwa sababu gani? Enaji ya saa mbili usiku, saa saba nusu yake bado iko damuni. Marekani mwaka 2013 walijaribu kuwapa watu kafeini miligramu 400 masaa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi. Na kile ulichosoma usiku kinajipanga kichwani ukiwa umelala, usipolala umekwenda sokoni na kapu lililotoboka.

Ushauri wangu, usiache ghafla utaumwa kichwa siku mbili za mwanzo kinoma na inaweza kuendelea wiki. Anza na enaji, toa moja, baada ya siku tatu toa ya pili. Kikombe cha mwisho kiwe saa saba au nane mchana. Asubuhi kula kwanza. Na moyo ukiwa unakwenda mbio hata umekaa tu, au kifua kinabana, nenda hospitali upimwe, usiishie humu.

---

BintiMizania

Wakuu narudi, leo siku ya kumi na mbili.

Enaji nimeziacha zote. Siku ya tatu na ya nne ilikuwa balaa, nilikuwa nasinzia kwenye daladala mpaka nikapitishwa kituo, nikashtukia niko Segerea. Kahawa nimebaki na kikombe kimoja cha mzee na kimoja cha ofisini saa nne, mzee ameninunia kidogo, anasema nimepata mzee mwingine. Mchana maji.

Ratiba nimegeuza, saa nne na nusu usiku nimelala, naamka saa kumi alfajiri nasoma mpaka saa kumi na mbili kasoro. Masaa ni machache kuliko zamani, hilo linanitia hofu kusema ukweli, kuna mada mbili za kodi sijazigusa kabisa. Ila nikisoma ukurasa nausoma mara moja, zamani nausoma mara nne huku napigia mistari kila kitu mpaka kitabu kizima njano. Jumapili kichwa kiliuma kidogo tu nikakiacha kikapita chenyewe, shangazi anasema maombi yake.

Ukali bado upo kidogo, nisiwadanganye, ikifika saa kumi jioni na wateja wamejaa. Nadhani huo sasa ni wa kwangu mwenyewe.

Kijana wa stoo nilimuonyesha huu uzi. Alisoma wote kimya, hakusema kitu. Leo asubuhi kaja na kikombe kutoka kwa mzee wa birika, kaweka mezani juu ya daftari la mauzo, akasema "cha pili dada mpaka nione umeamkaje".

---

KashataMoja

Na kashata je? Hakuleta kashata?

---

BintiMizania

Alileta. Ya karanga, nusu. Nusu nyingine kala njiani.